Mrejesho: mikwaruzo kwenye kioo cha PSP

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kuondoa mikwaruzo kwenye kioo cha plastiki cha PSP (kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Sony) ya mdogo wangu, iliyokaa droo moja na funguo. Asanteni wote mliojibu.

Nilianza na dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida, siyo ya jeli. Nikasugua kwa mviringo na kitambaa cha miwani bila kukandamiza, nikafuta. Ule ukungu wa mikwaruzo midogo ukapungua sana. Kisha nikamfuata aliyesema Brasso, ile dawa ya majimaji ya kung'arishia vyuma, ila kwanza nikaziba matundu ya spika na kingo zote kwa selotepu, maana ule uji ukiingia ndani kuutoa ni kazi. Hapo ndipo kioo kiling'aa kweli. Harufu yake sasa, na joto hili la Dar, fungueni madirisha!

Mkwaruzo mmoja mrefu umegoma. Ukipitisha ukucha unanasa. Huo dawa yake ni kubadilisha hicho kioo cha juu chenyewe, nitaulizia Kariakoo. Aliyeshauri msasa, samahani mkuu, moyo ulikataa.

Simu za tachi msizijaribie hivi. Vioo vyake huwa na utando wa kuzuia alama za vidole, mtausugua utoke.