Naomba ushauri: msalaba wetu kando ya Outer Ring

Hamjambo ndugu zangu. Naombeni mawazo yenu, tumekwama.

Hapa Donholm, Nairobi, kando ya Outer Ring Road, kuna msalaba wa chuma tuliousimamisha pale kijana wa boda boda wa steji yetu alipogongwa na gari akafariki papo hapo. Fundi wa jua kali aliuchomelea bila kutoza hata shilingi. Watu wa steji huupaka rangi nyeupe kila Desemba, na mama mboga humwagilia mishubiri iliyouzunguka kwa maji aliyooshea sukuma wiki. Mamake marehemu akishuka matatu hupita hapo kwanza, husimama kidogo, ndipo aende nyumbani. Kaburi lenyewe liko ushago, mbali sana, na nauli si ya kila mwezi.

Wiki jana tulikuta umepigwa alama ya X nyekundu. Tunajua ile ni hifadhi ya barabara, wala hatutaki kubishana na sheria. Tumemwona chifu, alitusikiliza vizuri, ila akasema ruhusa ya pale haiko mikononi mwake.

Kuna yeyote hapa aliyewahi kuiandikia KURA, mamlaka ya barabara za mijini, kuomba kibali cha kumbukumbu kama hii? Aliambatanisha nini kwenye barua?

Na ikilazimu tuuhamishe, nani amwambie mama yule: sisi wa steji, au mchungaji wake? Bado hajaiona ile X. Tumeifunika kwa gunia.