Niwafundisheje wanagenzi kupanga nyimbo za redio?

Mtayarishaji:
Nimekabidhiwa wanagenzi wanne ambao hawajawahi kufanya kazi ya redio, nami natakiwa kuwafundisha kupanga orodha ya nyimbo za kipindi cha asubuhi. Niliwaomba kila mmoja alete orodha ya saa moja, na zote zilikuwa na kasoro ileile: wamejipangia nyimbo wanazozipenda wenyewe, bila kuacha nafasi ya taarifa ya habari wala matangazo ya biashara. Mmoja alileta nyimbo 20, ambazo zenyewe tu zinazidi dakika 60. Je, nianze na programu ya kompyuta au na karatasi?

Mkongwe wa Studio:
Anza na karatasi. Kila mmoja achore duara, liwe ndilo saa yake, kisha akate humo vipande vya mambo yasiyohamishika. Tuseme habari zinachukua dakika 5, matangazo ya biashara 10, na maneno ya mtangazaji pamoja na vitambulisho vya kituo, yaani sauti fupi zinazotaja jina la kituo, 6. Zinabaki dakika 39, ambazo kwa wimbo wa dakika tatu na nusu zinatosha nyimbo 11. Huyo mwenye nyimbo 20 atajisahihisha bila wewe kufungua kinywa.

Kisha ingia kwenye makundi: nyimbo mpya zinazovuma, zilizopoa kidogo lakini bado zinapendwa, na za zamani ambazo msikilizaji anaziimba bila kufikiri. Nafasi katika duara hupewa kundi kwanza. Wimbo wenyewe huchaguliwa baadaye. Hapa ndipo hesabu inapowashangaza wanafunzi. Kundi la nyimbo mpya likiwa na nyimbo 12, nawe ukapiga 2 kila saa kwa zamu, linamaliza mzunguko kwa saa 6. Na kwa kuwa 24 inagawanyika kwa 6 bila baki, wimbo uliosikika saa moja asubuhi leo utasikika saa hiyohiyo kesho na keshokutwa, hata anayesikiliza akielekea kazini aamini kwamba kituo kina nyimbo mpya mbili tu. Ondoa wimbo mmoja, zibaki 11: mzunguko unakuwa saa tano na nusu, na nyakati zinasogea kila siku. Wanagenzi wangu hawakukubali mpaka nilipowaagiza waandike ratiba ya siku tatu kwa mkono, adhabu ambayo bado wananikumbusha.

Sikio Kwanza:
Nakubaliana na hesabu hiyo, ila duara halisikiki hewani. Kinachosikika ni mahali wimbo mmoja unapokutana na mwingine, na mwanagenzi anayepanga kwa kutazama majina hawezi kupajua. Zoezi langu ni kumpigia sekunde 20 za mwisho za wimbo na sekunde 20 za mwanzo za unaofuata, kisha aeleze kama vinapokezana vizuri. Aandike pia kama wimbo unakatika ghafla au unafifia polepole, na ni sekunde ngapi za ala zinazotangulia sauti ya mwimbaji, kwa sababu hapo ndipo mtangazaji atakapozungumza bila kumkatiza mtu. Nyimbo mbili ngeni zisikae jirani, na baada ya habari uanze wimbo unaofahamika.

Mtayarishaji:
Nawashukuru nyote. Duara limefanya kazi, na orodha zimepungua hadi nyimbo 10 au 11. Ni lini sasa niwaruhusu kugusa programu?

Mkongwe wa Studio:
Ni pale mwanafunzi atakapoweza kueleza kwa nini kila wimbo umekaa ulipo. Programu hufuata kanuni ilizopewa tu: ukiiagiza itenganishe nyimbo za msanii mmoja kwa saa mbili, lakini jina lake limeandikwa kwa tahajia mbili, au ameshirikishwa katika wimbo wa mwenzake na hilo halikuingizwa, itampanga mara mbili mfululizo pasipo kushtuka. Kwa hiyo siku ya kwanza usiwape programu tupu. Wape ratiba iliyokwisha kupangwa ambayo wewe mwenyewe umeichafua kwa makusudi, ukaingiza msanii anayejirudia, nyimbo tatu za taratibu zinazofuatana, na nakala yenye matusi badala ya ile iliyosafishwa, kisha waitafute kila kasoro kabla hawajaruhusiwa kuongeza hata wimbo mmoja.