Naomba ushauri: kanda za klabu ya muziki iliyofungwa zamani

Wakuu, kuna kanda za rili za robo inchi, zilizorekodiwa jukwaani kwenye klabu ya katikati ya jiji miaka ya 1960 na 1970. Nyingi za miaka ya 1970 ni Ampex 456, aina ya kanda ya kurekodia: zinanata kwenye hedi (sehemu ya mashine inayosoma sauti), zinalia, zinaacha uchafu wa kahawia. Gundi inayoshika unga wa sumaku imefyonza unyevu. Hizo zitakaushwa kwa joto la nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 hivi, zipoe taratibu, kisha zinakiliwe ndani ya wiki chache kabla hazijaanza kunata tena. Oveni ya jikoni hapana, joto lake hupandapanda.

Kinachosumbua ni mbili zinazopitisha mwanga zikielekezwa kwenye taa, na zinanuka siki. Ni za asetati, aina ya plastiki ya zamani, na asetati haikaushwi kwa joto: hupinda na kukatika. Zimeshajikunja kingo, hazigusi hedi sawasawa. Mnazilazaje bila kuzivuta?

Pili, kanda hazina toni ya majaribio, yaani mlio wa masafa yanayojulikana wa kupimia mashine. Nafikiria kupima kasi kwa mngurumo wa umeme ulionaswa kwenye rekodi, hertz 50 au 60 kutegemea nchi. Kuna aliyewahi kuutegemea? Na tarehe za maonyesho, mbali na matangazo ya magazeti ya zamani, mnazitafuta wapi?