Mrejesho: kamera ya kupigia picha kwenye mwanga hafifu

Wakuu, nimerudi. Ni yule niliyeuliza ninunue Sony A7 III au Fujifilm X-T3, maana picha zangu za ukumbini bila flashi zilikuwa chengachenga tupu. Wengi mkasema tatizo ni lenzi, kamera iache kwanza.

Nimewasikiliza, nikachukua lenzi ya Canon 50mm f/1.8 na kuifunga kwenye kamera yangu ileile ya Canon ya APS-C (yenye sensa ndogo). Aisee! Zamani nilikuwa f/5.6 (tundu la lenzi; namba ndogo huingiza mwanga zaidi), ISO 6400 (unyeti kwa mwanga; ikipanda, chenga huongezeka), shata 1/30 ya sekunde, na mtu akigeuka tu uso unavutika. Sasa napiga f/1.8, ISO 3200, shata 1/125. Hadi kope zinahesabika.

Ila kwenye sensa ndogo hiyo 50mm inabana, inaona eneo dogo kama 80mm kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame). Picha ya familia nzima nimeipiga mgongo umegusa ukuta, na bado shangazi wa pembeni kakatwa bega. Gizani kabisa fokasi nayo inahangaika mbele na nyuma. Ushauri wa tripodi (stendi ya kamera) haukunisaidia, watu hawatulii.

A7 III nimeiweka kando kwa sasa; kinachofuata ni lenzi pana zaidi. Asanteni sana, hasa aliyenisisitizia kupiga kwa RAW (faili ghafi la picha).