Ramani zimetapakaa kwa WhatsApp, mnatumia mfumo gani saiti?

mjengo_kasarani
Wadau habari zenu. Niko kwa saiti moja huku Kasarani, flati za ghorofa saba, na bosi ameamua mimi ndio nitashika makaratasi yote, ramani, barua, delivari, kila kitu. Shida ni kila mtu ako na ramani yake. Injinia anatuma PDF kwa grupu ya WhatsApp, akitekti anatumia bosi kwa imeili, foromani naye ameprinti zake kwa saiba akabandika kwa ukuta wa stoo. Juzi fundi wa vyuma alikuwa anafunga ringi za nguzo kila milimita 200 na rivisheni C (toleo jipya la ramani) inasema 150, kumbe anaangalia picha ya rivisheni B kwa simu, tena hiyo picha imekatwa pale kona ya chini penye namba ya rivisheni hukaa! Ilishikwa kabla konkriti imwagwe. Sasa ninunue programu ama Excel inatosha? Na ramani za zamani natupa?

vyuma_na_kokoto
Programu wacha kwanza. Ukiweka programu na injinia bado anatuma kwa grupu umenunua stoo ingine tu. Ongea na bosi, ramani zote ziingie kwa imeili moja ya mradi, na zitoke kwa mkono wako pekee. Excel inatosha sana: namba ya ramani, jina, rivisheni, tarehe imeingia, nani amepewa, kopi ngapi, na sahihi yake (sahihi iwe kwa daftari, hiyo Excel foromani hataifungua milele).

Halafu kitu kimoja watu hupuuza: usipeane printi mpya kama ya zamani haijarudi. Foromani anataka rivisheni C, alete B. Atanung'unika, atakuambia imenyeshewa, imeraruka, mwambie alete hata kipande. Ile moja inayobaki ofisini piga maka nyekundu HAITUMIKI na uiweke kwa faili yake. Usitupe.

Picha kwa simu huwezi kataza bana, fundi yuko juu ya skafoldi hawezi beba A1. Lakini waambie picha bila ile kona ya chini haihesabiki.

qs_wa_superhighway
Hapo kwa ramani mmemsaidia, mimi naona hatari kubwa iko kwa maneno. Akitekti anapita saiti asubuhi, anasema "toa huu ukuta, sogeza mlango", mnafanya, halafu wakati wa valuesheni, kupima kazi ili mlipwe, hakuna anayekumbuka. Kazi ya barabara niliyokuwa ilikuwa FIDIC ya 1999 (mkataba wa kimataifa wa ujenzi), na pale kifungu cha 3.3 kinakuruhusu: injinia akikupa agizo la mdomo unamwandikia kulithibitisha ndani ya siku mbili za kazi, na asipojibu ndani ya mbili zingine barua yako ndiyo inakuwa agizo. Na klemu, yaani kudai pesa ama muda wa ziada, kifungu 20.1, notisi siku 28, ukichelewa umekwisha. Nyinyi flati pengine mko na ule mkataba wa majengo wa JBC (Joint Building Council) ama kitu bosi aliandikiwa na wakili, kwa hivyo usikopi siku zangu, usome wenu. Lakini kuandika jioni hiyo hiyo kunasaidia kwa mkataba wowote.

WhatsApp si takataka, Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali rekodi za kielektroniki, ila kifungu 106B kinataka cheti cha kueleza hiyo rekodi ilitolewa vipi, na simu ya foromani ikiibiwa stejini utatoa cheti cha nini? Eksipoti chati mara kwa mara.

chai_na_michoro
Mimi napinga kidogo hii ya "programu wacha". ISO 19650 ya 2018, ile standadi ya kimataifa ya kupanga taarifa za ujenzi, ina sehemu nne za faili: inayotengenezwa, iliyoshirikishwa, iliyotolewa rasmi, na akaivu. Hizo ni folda nne tu kwa Drive, hakuna pesa imetoka. Saiti iangalie ile ya tatu peke yake, na wewe pekee uwe na ruhusa ya kuweka kitu pale. Mradi mkubwa wenye makandarasi wadogo kumi, hapo Excel itakuua, nunueni.

mjengo_kasarani
Asanteni sana wakuu. Sasa hizi ramani zenye muhuri wa kaunti, foromani ameanza kuandika juu yake na kalamu vipimo vipya, hiyo iko sawa?

vyuma_na_kokoto
Wueh, mnyang'anye leo! Hizo ni za kuonyesha ndio zimepitishwa, ziweke safi kwa boksi faili pamoja na cheti cha NCA (mamlaka ya ujenzi) na leseni ya NEMA (ya mazingira), mkaguzi akiingia hataki kungoja laptop iwake. Na kama vipimo vimebadilika vya nguzo ama slabu, hiyo si ya kalamu, injinia atoe rivisheni na akitekti aangalie kama inarudi kaunti.

qs_wa_superhighway
Na ukimaliza mjengo usichome makaratasi, madai ya mkataba Kenya yanaweza kuletwa ndani ya miaka 6. Ofisi moja niliyoijua ilihama ikauza faili kwa kilo, mwenye nyumba akaja kuuliza juu ya paa. Delivari za simiti na majibu ya kyubu (vipande vya konkriti vya kupima nguvu) zifunge kwa boksi moja, uandike ni za ghorofa gani.

mjengo_kasarani
Sawa, naanza na hiyo ya kurudisha printi. Foromani ameshaanza kununa.