Acheni kudanganya watu, gemu za nyumbani hazikuanza na Atari!

Wakuu, leo nina hasira na sizunguki. Nyie mnaotengeneza video za Kiswahili za "historia ya gemu" mnakera sana. Kila mmoja anakopi kwa mwenzake, anaweka muziki wa kutisha, halafu anatuambia eti 1972 kampuni ya Atari ya Marekani wakaleta Pong, ile gemu ya tenisi ya mezani, na hapo ndo gemu za nyumbani zikazaliwa. Ukikomenti kumsahihisha, komenti inafutwa!

Pong ya 1972 ilikuwa ya kutumbukiza sarafu jamani, ilifungwa baa huko Sunnyvale, California. Ya kuchomeka kwenye TV Atari wameitoa 1975 kupitia maduka ya Sears. Kwa hiyo miaka yote hiyo watu majumbani walikuwa wanaangalia ukuta?

Walikuwa na Odyssey, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV ya kampuni ya Magnavox, imetoka Septemba 1972. Nyuma yake kuna mzee Ralph Baer, Myahudi aliyetoroka Ujerumani ya Hitler na familia yake 1938, akaja kuwa injinia wa Sanders, kampuni ya vifaa vya kijeshi. 1966 akaandika kurasa nne tu kuhusu kuchezea gemu kwenye TV, akakaa na Bill Harrison na Bill Rusch hadi wakapata kile kiboksi cha kahawia, mashine ya majaribio ambayo Magnavox waliinunua leseni yake. Na msidhani ilikuwa mashine ya maana sana, haina sauti, haihesabu pointi, hakuna prosesa ndani, ni vidoti vyeupe na mstari basi. Rangi zenyewe zilikuwa karatasi za plastiki unabandika juu ya kioo cha TV, na kwenye boksi unakuta dadu na hela za bandia, pointi mnajiandikia wenyewe (na ugomvi wake mnaujua). Lakini ndo ya kwanza!

Sasa sehemu ambayo hamuisemi kabisa. Mei 1972 Nolan Bushnell, bosi wa Atari mwenyewe, alienda kwenye maonyesho ya Odyssey kule Burlingame, California, akacheza gemu yake ya tenisi ya mezani, na jina lake likabaki kwenye kitabu cha wageni. Miezi michache baadaye Pong hiyo hapo. Magnavox wakawashtaki Atari 1974, na 1976 Atari wakakubali yaishe wakachukua leseni. Hiyo siyo stori ya vijiweni, ni kesi.

Kinachoniuma zaidi ni Jerry Lawson. Mtu mweusi, mzaliwa wa Brooklyn, ndiye aliyeongoza timu ya kampuni ya chipu ya Fairchild iliyotoa Channel F mwaka 1976, mashine ya kwanza ya nyumbani kutumia kaseti zenye gemu ndani, karibu mwaka mzima kabla Atari hawajatoa ile VCS, mashine yao ya kaseti mnayoiimba kila siku. Wazo la kaseti lilianzia kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ya Alpex, hilo nalo mliseme, ila ilikuwa bado jaribio la mezani. Lawson na wenzake ndo waliohangaika liwe kitu ambacho mtoto anachomeka na kuchomoa kutwa nzima bila umeme tuli kuunguza chipu. Mmekua mnapuliza kaseti za gemu za Kichina sebuleni, leo mtu ana chaneli nzima na huyu hamtaji hata kwa bahati mbaya!

Halafu mnamaliza na kaseti za E.T., gemu ya Atari iliyokosa wanunuzi, kufukiwa jangwani 1983 "na gemu zikafa dunia nzima". Dunia ipi? Soko lililoanguka ni la Marekani, maduka yalijaa gemu mbovu za kila kampuni na kompyuta za nyumbani zilishashuka bei, kumbebesha lawama zote jamaa aliyepewa wiki tano tu kuitengeneza ni uonevu. Julai mwaka huohuo Nintendo wanaiachia Famicom, mashine yao ya gemu ya nyumbani, Japani. Imekufa wapi?

Mwenye ushahidi kwamba Atari walitangulia sebuleni auweke hapa, na siyo linki ya video zenu.