Karate kwenye ukumbi wa kanisa: nikiinama, nainamia nini?

Alto_wa_Pili

Bwana asifiwe wapendwa. Na msio wa imani yangu karibuni pia, huenda ninyi ndio mtanijibu vizuri zaidi.

Nina miaka 43, naimba alto kwaya kuu, na kwa miezi minne sasa mimi ni mkanda mweupe. Msicheke. Nilimpeleka binti yangu wa miaka 11 kwenye karate inayofundishwa ukumbi wa kanisa letu kila Jumamosi asubuhi. Nikawa nakaa benchi namsubiri, nachezea simu. Wiki ya tatu mwalimu (ndiye pia anayefundisha shule ya Jumapili) akanijia: "Mama, hilo benchi linakulipa?" Wiki iliyofuata nilikuwa mstari wa nyuma na watoto, goti la kushoto likilia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Tunaanza hivi. Tunapiga magoti, tunakalia visigino, mwalimu anaomba sala fupi, tunatulia kidogo kimya. Kisha tunainama mara tatu: mbele, kwa mwalimu, na sisi kwa sisi. Hapo "mbele" pa ukumbi wetu ni mlango wa stoo ya viti. Ukiwa wazi, naona kabisa kwamba ninainamia viti vya plastiki vilivyopandana.

Dada mmoja wa kwaya, ninayemheshimu sana, kanikalisha chini. Anasema kuinamia ukuta ni ile ile sanamu ya Danieli 3. Anasema ule ukelele tunaopiga tukirusha ngumi ni kuita kitu, na kwamba karate imezaliwa hekaluni na haiwezi kubatizwa. Sikuwa na la kumjibu. Najua Kiswahili cha kanisani, Kijapani cha karate nakariri tu.

Tena kuna hili. Jumamosi iliyopita nilifanya mazoezi ya wawili na kijana wa miaka 16. Hatua ya tatu ngumi yake ikanigusa kidevu. Haikuuma sana, ila nilipandwa na hasira ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi. Hatua ya tano, zamu yangu ya kurudisha, nilimpiga puani. Damu ilidondokea nguo yake nyeupe, matone mawili. Jioni kwaya nilifungua mdomo sauti haikutoka.

Basi niulize: Mkristo anaweza kujifunza karate, au nimtoe na mtoto?

---

Green_Zamani

Nitakuambia nisichopenda kuwaambia watu. Nilifika mkanda wa kijani nikaacha, na sijuti.

Dojo (ukumbi wa karate) niliyosoma ilikuwa na rafu ndogo ya mbao juu ya ukuta wa mbele, kama kibanda. Tulikuwa tunainama, tunapiga makofi mawili, tunainama tena. Nilidhani ni utaratibu wa Kijapani tu, mpaka nikauliza. Ile rafu inaitwa kamidana, ni mahali pa kuwaheshimu miungu ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani. Mwalimu akasema, "Hiyo ni mila tu, usiitilie maanani." Sasa kama haina maana, kwa nini nikikataa napigishwa pushapu?

Soma 1 Wakorintho 10 kuanzia mstari wa 25. Paulo anasema nunua nyama sokoni usiulize-ulize. Ila mtu akishakuambia hii ni sadaka ya sanamu, usile. Mimi nilishaambiwa.

Wewe hujaambiwa kitu. Kama huko mbele kuna viti, sina neno. Ila usimwonee haya mwalimu, mwulize: mbele ni nini, na nisipoinama itakuwaje? Jibu la swali la pili ndilo litakuonyesha uko wapi.

---

KitiChaNyuma

Viti vile vinastahili heshima. Vimebeba mikutano ya wazee ya saa nne mfululizo wala havijalalamika.

---

Mkanda_Umechakaa

Dada Alto, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Nina miaka 26 kwenye karate na 19 kama mzee wa kanisa, na hilo swali nimeulizwa mpaka nimezeeka nalo.

Tuanze na hekalu. Karate imekulia Okinawa, kwenye kisiwa kilichochanganya mbinu za wenyeji na za China. Aliyeiingiza mashuleni mwanzoni mwa karne ya 20 ni Itosu Anko, akitaka watoto wawe na afya na miili imara. Mwaka 1908 aliandika barua yenye mambo kumi kuhusu karate, na jambo la kwanza kabisa alilosema ni kwamba karate haikutoka kwenye Ubudha wala kwenye mafundisho ya Confucius. Hayo aliyaandika mwenyewe, si mimi ninayemtetea. Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, aliyekuwa mwalimu wa shule, ndiye aliyeionyesha Tokyo mwaka 1922.

Lakini usimdharau dada yako wa kwaya, kuna moshi aliouona. Neno "karate" zamani liliandikwa kwa herufi za "mkono wa China". Baadaye likabadilishwa likawa "mkono mtupu", na Funakoshi alipoeleza huo utupu aliuchota kwenye fikra za Kibudha. Anayekuambia hakuna hata harufu anakudanganya, au hajasoma. Mimi huo utupu nimeuacha kwenye vitabu vyao. Mkono wangu ni mtupu kwa sababu hauna silaha, basi.

Ukelele. Wewe ni mwanakwaya, kwa hiyo jaribu jambo hili nyumbani. Weka kiganja chini ya mbavu, imba noti ya chini kwa nguvu uikate ghafla. Umesikia tumbo lilivyokaza? Sasa piga ngumi huku ukitoa hiyo hiyo pumzi. Ndiyo kiai. Wapo wanaoizungushia maneno ya "ki" kama nguvu fulani inayozunguka ulimwenguni, hao waache na maneno yao. Pumzi ni yako, umepewa na aliyekuumba.

Kuinama. Ibrahimu aliwainamia wana wa Hethi akitafuta kaburi la mkewe, Mwanzo 23. Mordekai alikataa kumwinamia Hamani. Wote wawili ni wetu. Na yule Naamani aliyeponywa ukoma alimwambia Elisha waziwazi kwamba bosi wake atamwegemea mkononi ndani ya nyumba ya Rimoni na itabidi ainame naye. Elisha akamwambia nenda kwa amani. Sijui wahubiri wengi wanaruka vipi ule mstari. Kwa hiyo nakubaliana na Green_Zamani: ile rafu na mimi ningeiondokea.

Sasa tuje kwenye damu, maana naona swali lako lenyewe umelificha huko chini baada ya viti.

Ninyi mlikuwa mnafanya hatua tano, gohon kumite. Mmoja anashambulia mara tano, mwingine anarudi nyuma anazuia, ya tano anarudisha. Wanaoanza huelekezwa kurudisha tumboni. Yako ilikwenda puani. Maana yake mkono haukuteleza, ulichagua. Ninasema hivi bila kukuhukumu kwa sababu na mimi nilishamvunja mtu jino nikiwa mkanda wa kahawia, na nilikuwa nimetoka kuongoza ibada asubuhi ile.

Kurusha ngumi kila mtu anaweza, hata mtoto wa miaka miwili akinyimwa kitu. Karate unayolipia jasho ni kuisimamisha. Ngumi iende kwa kasi yake yote, ikwame upana wa kidole kabla ya ngozi. Hilo litakuchukua miaka. Na hasira ndiyo ya kwanza kukata breki, sijawahi kuona kitu kinachomwonyesha mtu moyo wake haraka kama hicho. Mahubiri unaweza kuyasinzia.

Kuhusu shavu la pili: Yesu alipopigwa kofi kwa kuhani mkuu hakurudisha, ila alimwuliza aliyempiga, "Mbona wanipiga?" Hakukimbia, hakukunja ngumi. Wewe ulikuwa na nafasi ya kusema "taratibu, kijana, umenigusa". Ungesema hivyo, zoezi lingesimama. Hiyo nayo ni mbinu, na watu wazima tunaisahau kwa sababu ya aibu.

Fanya mambo mawili. Kabla ya kuinama Jumamosi, mfuate huyo kijana, na mzazi wake kama yupo. Halafu mwombe mwalimu akupange naye tena, nusu ya kasi. Usibadilishiwe mwenzako. Ukibadilishiwa utabaki unamwogopa, au unajiogopa.

Paulo anasema yeye hapigani ngumi kama apigaye hewa. Hapo huwa nacheka, maana sisi hewa tunaipiga mara mia kabla hata ya kupumzika.

---

SabatoNjema

Mimi karate sina shida nayo. Jumamosi asubuhi ndiyo shida yangu. Hakuna darasa la Jumapili?

KitiChaNyuma

@SabatoNjema Jumapili viti viko kazini.

---

Alto_wa_Pili

Nimerudi. Samahani kwa kukawia, goti.

Nilifika mapema nikamkuta mwalimu anafagia ukumbi. Nikamwuliza kama Green_Zamani alivyosema. Akaegemea ufagio. Akasema alipoanza kufundisha alikuwa anatumia darasa la shule, mbele palikuwa ubao, na siku moja ulikuwa umeandikwa hesabu za sehemu. "Tuliinamia hesabu mwaka mzima." Kwake mbele ni upande ambao wote tunatazama, tuanze pamoja. Nisipotaka kuinama upande ule nisimame tu, hatanisemesha, kuna mzazi mwingine anafanya hivyo na mimi sikuwahi hata kumwona. Ila mwenzangu wa mazoezi lazima nimwinamie, hapo hana mjadala: "Anakukopesha mwili wake."

Kijana nilimpata anafunga mkanda. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakapotea, nikasema tu nisamehe, nilikasirika. Akaangalia chini akasema, "Mama, na mimi nilikugusa nikaona nikanyamaza." Mama yake hakuwepo, nimempigia. Alikuwa mkali kidogo na ana haki.

Tukapangwa wote wawili, nusu ya kasi, mara kumi. Ya kwanza nilisimama mbali kabisa, mwalimu akasema hapo hata nzi hujamfikia. Ya nne nilimgusa nguo. Ya saba mkono ulikwama wenyewe, sijui niseme vipi, karibu kabisa na tumbo lake. Akapumua, kitambaa kikanigusa vifundo vya vidole, kikarudi. Ya nane nikakosea tena.

Binti yangu alikuwa anahesabu kwa Kijapani upande wa pili na alikuwa anakosea sita.

Dada wa kwaya nimempelekea habari ya barua ya Itosu. Hajaridhika. Amesema atakuja mwenyewe Jumamosi aone kwa macho yake. Nimemwambia mwalimu, kasema aje tu, benchi lipo.